Kulia kwa Gari

Likizo ya Juni ya mwaka jana nilifungua injini ya gari la Baba kwa mikono yangu, nikaifunga tena, na likawaka. Watu wakisikia hivyo hunisifu, nami huangalia chini. Wanadhani ni aibu tu, maana mtaa mzima hapa Magomeni unajua kwamba mimi naona haya hata kuagiza chumvi dukani. Hawajui kwamba kuna jambo sijamwambia mtu. Nililiandika kwenye daftari la Jiografia, mwishoni, kurasa zilizobaki nyeupe. Sasa naliandika upya kwa mpangilio, kwa sababu kule nimeandika vipande vipande na sehemu nyingine wino umechuruzika.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko ndoa ya wazazi wangu. Lina milango minne, rangi ya maziwa, na viti vyake vimeshonwa mara nyingi mpaka hakuna anayekumbuka kitambaa cha kwanza kilikuwaje. Baba alilitumia kubeba abiria kutoka mjini hadi Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, na kurudi na watu wa ng'ambo pamoja na mihogo yao mikavu na mabeseni yao. Mama yake Baba alitoka ng'ambo hiyo hiyo. Mimi nimepewa jina lake, ndiyo maana Baba huniita "mama". Kiswahili cha Baba kina Kimakonde ndani. Husema "nkono" na "ntoto" na "Ntwara", na shuleni wenzangu waliwahi kumwigiza baada ya kikao cha wazazi. Nilicheka nao, na hilo pia limo kwenye daftari.

Mwanzoni mwa mwaka huo gari lilianza kumisi. Likisimama, ngurumo yake inapanda na kushuka kama mtu anayepiga kwikwi, halafu linazima. Baba akalisukumia bandani nyuma ya nyumba, akasema atalitengeneza mwenyewe. Hakulitengeneza. Vidole vyake vilikuwa vimeingia ganzi kwa sababu ya sukari. Akishika nati inaanguka, na hajui kama imeanguka mpaka asikie mlio wake kwenye sakafu. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya boneti lililo wazi, amevaa mabuti yake meusi, anaitazama injini tu. Kuku akaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma.

Mtani wetu wa nyumba ya tatu, Mmakua anayetengeneza baiskeli, alikuwa akipita kila asubuhi kumchokoza.

"Mmakonde, hilo ni gari au banda la kuku?"

"Kuku wangu wana gari. Wewe Mmakua na mke wako mnatembea kwa miguu."

"Miguu yangu inawaka kila asubuhi bila kusukumwa!"

Baba alicheka sana siku ile. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikacheka pia. Nikilikumbuka neno hilo la miguu sasa, sijui niliweke wapi.

Likizo ilipoanza, Mama hakuwepo. Bibi, yaani mama yake Mama, alikuwa ameanguka na kuteguka nyonga kule kijijini Ziwani, na Mama akaenda kumuuguza. Tulibaki wawili. Mama alikuwa anapiga simu kila jioni kabla ya magharibi, maswali yale yale: Baba yako anakula? Anakunywa dawa? Anakwenda kliniki? Nami nilijibu anakula, anakunywa, na kuhusu kliniki nilimpa Baba simu, naye akasema, "Tunakwenda, tunakwenda," kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

Siku ya Jumatatu Baba aliniita bandani.

"Mama, nipe nkono wako."

Nikampa wa kushoto, maana mimi ni wa mashoto. Akaugeuza kama anayechagua samaki.

"Nkono mdogo. Huu utafika kule chini ambako wangu haujawahi kufika hata ulipokuwa mzima."

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Kwanza alinifundisha ugonjwa. Injini, alisema, inavuta hewa kwa mlango mmoja tu, kupitia kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli. Kutoka hapo mchanganyiko unapita kwenye bomba pana la chuma lenye matawi manne, ambalo mafundi wanaliita manifodi, kwenda kwenye silinda. Manifodi imebanwa kwenye injini kwa gasketi katikati, karatasi ngumu ya kuzuia hewa isipenye, na ina mipira midogo, yaani mirija ya hewa, inayoingia pembeni. Mpira ukipasuka au gasketi ikichoka, injini inavuta hewa ya wizi. "Linakula bila kunawa," Baba alisema. "Lazima liumwe tumbo."

Kisha alinifundisha jambo la pili, na nataka liandikwe wazi kwamba alinifundisha siku ya kwanza kabisa. Alisema gari lina kulia kwake na kushoto kwake. "Kulia ni kulia kwa aliyekaa kwenye usukani. Siyo kulia kwa anayelishangaa kwa mbele. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Tulianza kwa kufungua kasha la chujio la hewa, halafu kabureta, ambayo Baba aliipokea mapajani na kuifunika kwa kanga kuukuu ya Mama. Nati za manifodi za juu zilitoka kwa spana bila shida. Mbili za chini zilikuwa zimejificha. Nililala juu ya matairi mawili, nikapitisha mkono wangu wa kushoto kati ya chuma na chuma, nikawa natafuta kwa vidole bila kuona, na Baba ananiongoza kutoka kwenye kiti. "Chini. Chini zaidi. Hapo. Usiisukume, iombe." Ilichukua mpaka adhuhuri. Ya mwisho ilipolegea nilipiga kelele, na mimi si mtu wa kupiga kelele. Nikaivuta manifodi ikatoka na vumbi na harufu ya petroli iliyolala.

Gasketi ilikuwa imegandia upande wa injini. Nikaibandua taratibu kwa wembe. Haikuwa nyeusi kama nilivyotegemea. Ilikuwa karatasi ngumu, ya bluu iliyofifia, imekatwa kwa mkono, na ilikuwa na mistari. Kati ya tundu la pili na la tatu palikuwa na maandishi. Niliyafuta kwa kidole nikasoma: *ya kurudi*. Chini yake safu ya visanduku, tarehe, na saini zilizolowa mafuta. Visanduku vingi vya mwisho vilikuwa vitupu. Upande wa pili, nusu ya jina la Baba, nusu nyingine imeliwa na tundu.

Ilikuwa kadi yake ya kliniki.

Nikamwangalia. Alikuwa ameshaiona mkononi mwangu.

"Karatasi yake nzuri," alisema. "Ngumu. Imekaa muda mrefu."

Mimi nikinyamaza watu huendelea kusema, hilo nimeligundua muda mrefu. Baba akaendelea. Alisema ilikuwa siku ya mvua, anatoka Kilambo na abiria watano, mmoja mama mjamzito. Gari likafia njiani, gasketi imekatika. Hakuwa na karatasi ya gasketi, hakuwa na boksi, hakuwa na kitu. Mfukoni mwa shati alikuwa na ile kadi kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Akailaza juu ya uso wa manifodi, akaigonga kwa kichwa cha bolti kuzunguka kingo mpaka matundu yakajichora yenyewe na kukatika. Ndivyo mafundi wanavyokata gasketi, wanagonga, hawakati kwa mkasi. Wote wakafika mjini salama.

"Na kesho yake?" nikauliza.

"Kesho yake ningewaambia nini? Wataniuliza, mzee, kadi iko wapi. Niseme iko kwenye injini?" Akacheka kidogo. "Yule nesi wa dirishani ana mdomo. Anasema mbele ya watu wote. Nikasema nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao nao ukawa na swali la mwezi uliopita."

Mtu mwingine angemkasirikia. Mimi nilimwelewa mara moja, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mwaka mmoja nilipoteza kitabu cha maktaba ya shule, nikaacha kabisa kuingia maktaba, miezi saba, nikawa napita nyuma ya madarasa ili mwalimu wa maktaba asinione. Haya yangu sikuiokota njiani. Ilikuwa imekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu, imevaa mabuti.

Na nilipowaza mabuti ndipo nikaijua harufu iliyokuwa ikizagaa bandani. Kwa siku kadhaa nilidhani ni panya amefia chini ya gari.

"Baba, vua viatu."

"Kwa nini?"

"Vua."

Sijawahi kumwamuru mzazi wangu kabla ya siku ile. Akavua. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kisoda, kimezungukwa na ngozi nyeupe kama ya mtu aliyekaa majini. Kidole chenyewe kilikuwa na rangi isiyo yake.

"Hakiumi," alisema, kwa furaha kabisa. "Ndiyo maana sina wasiwasi nacho."

Nikamwambia twende hospitali leo hii, kwa bajaji, niite sasa hivi. Akakataa. Akasema hataki kupelekwa kama furushi watu wakimtazama, akashushwa mlangoni huku anashikwa kwapa. Tukabishana, kama naweza kuita kubishana, maana nilikuwa nasema huku nalia. Mwisho akasema, "Sikiliza, mama. Gari likiwaka, siku hiyo hiyo nakwenda. Nakwenda kwa gari langu, nimevaa shati langu jeupe, na nesi nitamjibu. Lakini mama yako asijue. Ana mgonjwa mmoja, usimwongezee wa pili."

Nikakubali. Jioni Mama alipopiga, nikasema Baba amesema atakwenda. Halikuwa uongo.

Kesho yake nilikwenda Mikindani kutafuta mipira na karatasi ya gasketi, kwa sababu maduka ya mjini yalikuwa na vitu vya magari mapya tu. Baba alinielekeza kwenye duka moja la Wahindi Waislamu, wa siku nyingi pale, ambao Kiswahili chao ni kizuri kuliko changu. Nilisimama mlangoni mpaka wateja watatu wakahudumiwa na kuondoka. Maneno yalikuwa tayari kichwani, nilikuwa nimeyarudia njia nzima. Yule mzee wa duka akaniangalia, na yote yakanitoka kichwani. Nikafungua mfuko nikaweka kipande cha mpira wa zamani juu ya kaunta.

"Huyu bibie bubu?" aliwauliza watu wa ndani. Halafu akauchukua mpira, akaukunja, ukavunjika kama biskuti. Akaunusa. "Subhanallah. Hili gari bado lipo? La yule Mmakonde wa Kilambo? Liliwahi kumchukua dada yangu." Akanitazama upya. "Wewe bintiye. Sawa, hata yeye hasemi. Alikuwa anakuja hapa anaweka kitu juu ya meza hivi hivi, nami naanza kubahatisha."

Akatoa mpira mweusi wa mita moja na nusu, klipu zake, na kipande cha mwisho cha karatasi ya gasketi, kilichokaa mpaka kingo zake zimekuwa za manjano. "Kinatosha gasketi moja," alisema. "Ukikosea, mpaka kingine kitoke Dar."

Sikukosea. Nataka hilo nalo lijulikane. Nililaza karatasi juu ya manifodi, nikaigonga kwa nyundo ndogo, tok tok tok, kama kuku anayedonoa, na matundu yakatoka safi, yote manne, na ya bolti. Baba alipitisha kiganja juu yake ingawa hahisi. Akasema, "Fundi." Neno moja tu. Nikaziba matundu ya injini kwa vitambaa ili uchafu usiingie, nikakwangua mabaki ya kadi ya zamani na kuyaweka pamoja na kadi yenyewe ndani ya daftari. Nikatoa vitambaa, nikapaka gundi ya silikoni kidogo, nikarudisha manifodi, nikabana nati kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kama alivyosema.

Kabureta na chujio vikarudi mahali pake, ikabaki mipira. Ilikuwa mitano. Niliibadilisha mitatu, ule mpira mpya ukawa umebaki kipande cha kutosha mmoja tu, na ile miwili mingine, mmoja mwisho huu wa manifodi na mmoja mwisho ule, ilionekana ina nafuu. Baba akasema tuwashe kwanza tusikilize, huenda mmoja wao unafaa bado. Mtani akaja na betri ya kuazima huku anatangaza kwamba amekuja kuzika gari.

Likawaka. Kuku wote walikimbia. Lakini ngurumo yake ilikuwa bado inapanda na kushuka. Baba akaomba kipande cha mpira, akaweka ncha moja sikioni, nami nikawa napitisha ncha ya pili juu ya manifodi, kama daktari na mgonjwa wake. Uso wake ukatulia. Hapo ndipo alipokuwa hodari bado, masikioni.

"Linalia," alisema. "Unasikia? Tsss. Linalia kulia."

"Kulia kwa kulia au kulia kwa machozi?" akauliza mtani, na wote wawili wakacheka mpaka Baba akakohoa.

"Mama, badilisha mpira wa kulia, basi."

Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, nimeikabili injini. Kichwa changu hakikuwa hapo. Tangu asubuhi nilikuwa nautazama mguu wake, kwa sababu alikuwa amevaa ndala na kitambaa kilikuwa kimelowa, na kile kidole hakikuwa tena na rangi ya ajabu, kilikuwa cheusi. Nikachukua kipande cha mpira kilichobaki, nikakifunga mwisho wa manifodi ulio upande wa mkono wangu wa kulia. Mkono wangu, siyo wa gari.

Tukawasha. Tsss ile ile.

Baba akafumba macho muda mrefu. Kama mpira ni mpya, alisema, basi ni gasketi, imekaa vibaya. Lazima tufungue tena. Nikafungua. Gasketi yangu nzuri, iliyoshikwa na silikoni, ikachanika vipande viwili. Yule mzee wa Mikindani akapigiwa simu, akasema kingine kitakuja na basi kutoka Dar, na kikaja baada ya siku nne.

Siku ya pili ya hizo nne nilikuwa nasafisha manifodi peke yangu bandani, na mkono wangu ukagusa ule mpira wa zamani wa mwisho mwingine. Ulikuwa na ufa chini, mrefu kama ukucha, usioonekana kwa juu. Nikautazama. Nikaenda nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani, nikanyoosha mkono wa kulia. Ulielekea mwisho ule wenye ufa.

Nilipaswa kumwambia. Nilipaswa kumpigia Mama. Nilipaswa kwenda nyumba ya tatu na kusema, mtani, ita bajaji, mbebe kwa nguvu. Kila mara nilifika mpaka mlangoni. Nilimkuta Baba amejifunika blanketi mchana, anatetemeka, anasema ni malaria kidogo, na ananiuliza karatasi imefika? Kama ningesema, "Baba, nilikosea kulia na kushoto," angesema nini? Labda angecheka. Nadhani angecheka. Lakini nilinyamaza, kama nilivyonyamaza kuhusu kitabu cha maktaba, na siku zikapita moja moja.

Karatasi ilipofika nilikata gasketi kwa muda mfupi sana. Nikakata mpira wenye ufa na kuweka kipande nilichokihamisha kutoka upande ule mwingine, na huko nikaurudisha ule wa zamani niliokuwa nimeuondoa, nao ulikuwa mzima kabisa. Likawaka mara ya kwanza, likanguruma sawasawa. Baba alikuwa ameegemea nguzo, amevaa shati jeupe kama alivyoahidi. Akamwambia mtani, "Si nilikwambia ilikuwa gasketi?" Mtani akasema, "Mmakonde anajua." Mimi nikashusha boneti.

Hakuweza kuendesha. Alijaribu, lakini mguu haukujua uko wapi, ukateleza kwenye klachi na gari likaruka na kuzima. Akasogea mwenyewe kiti cha pili, na mtani akashika usukani. Njiani mtani alijaribu utani mara mbili, halafu na yeye akaacha.

Kwenye dirisha la kliniki palikuwa na nesi, sijui kama ndiye yule mwenye mdomo. Akauliza bila kuinua macho, "Kadi?"

Baba akaangalia sakafu. Akanishika bega, mkono mzito usiohisi. Watu walikuwa wengi kwenye mabenchi. Nikafungua daftari la Jiografia, nikatoa ile gasketi ya bluu, nikaiweka juu ya kaunta kama nilivyoweka mpira Mikindani.

"Hii nini?"

"Ndiyo kadi," nikasema. "Ilikuwa kwenye injini. Gari liliharibika na kulikuwa na mama mjamzito. Aliona aibu kuja bila kadi. Tafadhali usimseme."

Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu. Nesi aliigeuza geuza, akapitisha kidole ndani ya tundu moja. Hakumsema. Akatazama mguu, akainuka haraka, akaita kiti cha magurudumu, na Baba akakaa humo bila kubisha.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimweleza Mama, aliyepigiwa simu na mtani akafika jioni kwa gari la mizigo kutoka Ziwani, bado ana udongo wa shamba miguuni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama. Daktari alisema uchafu wa kidonda umepanda. Alisema, "Mngekuja hata siku nne, tano nyuma, pengine tungeondoa kidole tu." Mama akasema, "Siku nne?" kama anayeuliza bei. Walikata chini kidogo ya goti.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunafua mashuka, "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukamua shuka, akalikamua mpaka halikuwa na tone, na bado anakamua. Kuhusu mpira hakuuliza, kwa sababu hakuna anayejua kuna swali hilo.

Baba aliporudi nyumbani, mtani alikuja na kusimama mlangoni, kofia mkononi. Tulidhani safari hii atasema pole kama watu wengine. Akasema, "Mmakonde, umepanda cheo. Sasa wewe ni otomatiki. Huhitaji mguu wa klachi." Mama alishtuka. Baba akaanza kucheka, akacheka na machozi, na mtani akacheka, halafu mtani akatoka haraka na tukamsikia nyuma ya nyumba anapenga kamasi muda mrefu.

Gari bado lipo bandani. Kila Jumamosi asubuhi Baba ananiambia niliwashe lisigande. Mimi nakaa kwenye usukani, yeye anakaa kiti cha kushoto, magongo yake kiti cha nyuma kwa kuku. Haliendi popote. Nakanyaga klachi, naweka gia ya kwanza, naitoa. Wiki iliyopita niliona kwamba kila ninapokanyaga, suruali yake iliyokunjwa na kufungwa kwa pini inasogea kidogo, inashuka, kisha inapanda polepole ninapoachia. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama nje, kwenye ukuta wa banda.

"Linalia?" aliniuliza.

Nikasikiliza. "Halilii."

"Kazi ya nkono wako hiyo."

Nikasema, "Baba."

"Naam, mama."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa upande wa dirisha, upande ule ule wa mpira uliokuwa na ufa. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, tangu mwanzo, nimeyarudia kama nilivyofanya njia nzima ya Mikindani. Akasubiri. Yeye hajawahi kumharakisha mtu aliyenyamaza.

"Nizime?" nikamuuliza.

"Acha kidogo," alisema. "Lipate joto."